Kiingereza Nyumbani: "Him" ao "Himself"?

Mwezi huu tunashika maneno yenye kusumbua wengi: "myself", "himself", "herself" na ndugu zao, wakati yanafuata "for", "to", "about", "at" na mengine ya namna hiyo.

Tuseme hivi. Kapita anaandika raporti ya depo kwa Kiingereza, sababu mkubwa wake ametoka Afrika ya Kusini. Anataka kusema Ilunga alichukua buti za kuvaa yeye mwenyewe. Anaandika: "Ilunga took boots for him." Mkubwa anasoma na kuuliza mara moja: huyo "him" ni nani? Kwa masikio ya Mwingereza, Ilunga alichukulia mtu mwingine buti. Basi mali ya kampuni imetoka, na haijulikani imeenda kwa nani! Ilunga anaitwa ku biro kujieleza, wakati kosa hana. Kama kapita angeandika "for himself", hakuna neno.

Huo ni mfano tu. Lakini tangu sheria ya mine ya mwaka 2002 ilipofungulia makampuni ya inje mlango, Kiingereza kimeingia katika biro nyingi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Neno moja katika raporti linaweza kumchafulia mtu jina.

Kosa hilo linatoka wapi? Mara nyingi linatoka kwa Kifaransa cha masomo. Mfaransa akisema "il parle de lui", pengine anayezungumziwa ni yeye mwenyewe, pengine ni mwingine. "Lui" inabeba yote mawili, na wewe msikilizaji ujitafutie. Kijana anachukua ile "lui", anaigeuza "him", anaona kazi imekwisha. Kiingereza kinakataa.

Kumbe lugha yetu ya nyumbani inajua tofauti hiyo tangu zamani! Alimnunulia, alijinunulia. Hata yule anayesema "alijiuzia", kama wengi wetu huku, ile -ji- ni ile ile. Ile -m- ni mtu mwingine. Ile -ji- inarudi kwa mwenye kutenda. Kiingereza kinafanya vile vile, ila kinaweka neno lake inje ya kitendo. "She cooked for her" ni alimpikia. "She cooked for herself" ni alijipikia. "He felt sorry for him", alimhurumia. "He felt sorry for himself", alijihurumia. "I said to myself", nilijisemea. "She looked at herself", alijitazama.

Kwa hiyo mbele ya kuandika, usipite kwa Kifaransa. Jiulize kwa Kiswahili: kitendo changu kinaomba -ji-? Kama ndiyo, andika "self". Kama kinaomba -m-, -ni- ao -wa-, basi ni "him", "me", "them". Njia hii inasaidia hata pale watu wako wawili. "Kapita alimwambia Ilunga ajinunulie buti": "The foreman told Ilunga to buy boots for himself", na atakayevaa ni Ilunga. "Kapita alimwambia Ilunga amnunulie buti": "to buy boots for him", na hapo atakayevaa ni kapita, ao mwingine aliyekwisha kutajwa. Mwalimu wa Kiingereza atakueleza jambo hili kwa ubao mzima. Mama yako analijua bila kalamu.

Sasa barua za kuomba kazi. Vijana wengi wanamalizia hivi: "Please send the answer to myself." Wanafikiri "myself" ina heshima kuliko "me", kama vile "vous" mbele ya mkubwa. Hapana. Kwa Kiswahili ungesema "mnitumie jibu". Hakuna -ji- pale, sababu watumaji ni wao, si wewe. Andika "to me". Kweli, utaona hata Waingereza wengine wa ku biro wanaandika "contact myself", lakini anayejua lugha yake akisoma barua yako atakunja uso, na wewe ndiye unayetafuta kazi.

Kuna fasi moja ambapo wanafunzi wenye bidii wanapita mpaka: wanapozungumzia mahali kitu kilipo. "Alitazama nyuma yake" ni "He looked behind him". "Aliweka kaske kando yake" ni "He put the helmet beside him". "Chukua karti yako", maana yake uende nayo, ni "Take your card with you". Hapa "self" haitakiwi, na tazama, Kiswahili nacho hakikutia -ji-. Mara moja moja yote mawili yanakubaliwa, kama mtu anayejifunika blanketi: "around her" ao "around herself".

Lakini angalia sana "beside". "Beside him" ni kando yake. "Beside himself" ni habari nyingine kabisa: ni mtu aliyepandwa na hasira ao huzuni mpaka hajitambui. Ukiandika kwamba dereva "was beside himself", mkubwa wa usalama hatampa tena gari siku hiyo!

"By himself" inatoroka sheria yetu, sherti kuishika kwa kichwa. Maana yake ni peke yake, ao bila msaada: "She lives by herself", "He repaired the pump by himself".

Neno moja kwa wale wanaojifunzia Kiingereza katika Biblia ile iliyochapwa mwaka 1611. Mle mtakuta mara nyingi "me", "him" ao "thee" pale ambapo leo tunatia "self". Si kosa la chapa. Kiingereza cha zamani kilikubali hivyo. Someni, lakini msiandike vile katika barua ya kazi.

Kazi ya nyumbani, baba na mama wanaruhusiwa kusaidia. Geuzeni kwa Kiingereza: Mama alijinunulia kitambaa. Mama alimnunulia kitambaa. Watoto walifunga mlango nyuma yao. Mniandikie kesho. Nilitengeneza kinga peke yangu. Majibu yatatoka mwezi ujao.