Upelelezi wa anga katika Afrika Mashariki
Upelelezi wa anga ni kuchunguza majeshi ya adui kutoka angani, kwa macho au kwa kamera. Chombo kinachofanya kazi hiyo mara nyingi huwa shabaha.

Tarehe 11 Julai 1915, katika delta ya Rufiji, manowari ya Kijerumani Königsberg iliitungua ndege ya Waingereza iliyokuwa ikielekeza mizinga yao. Cull na Arnold waliokuwamo waliokolewa mtoni. Manowari iliangamia siku hiyohiyo.

Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulianza kurusha droni zisizo na silaha kutoka Goma, mashariki mwa Kongo, ambako askari wa Tanzania nao walikuwa wakilinda amani. Hata hivyo helikopta ziliendelea kutumika. Tarehe 29 Machi 2022 helikopta ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa kwenye upelelezi ilianguka Tshanzu, Rutshuru. Wote 8 waliokuwamo walifariki. Jeshi la Kongo na waasi wa M23 walitupiana lawama.

Rufiji, aliyefyatua alijulikana. Tshanzu, alibishaniwa. Droni humwepusha rubani na kifo, lakini haimalizi ubishi huo.