Nani Kasema Utalii ni Bahari na Simba?

Taja utalii mbele ya Wakenya na mawazo yao yatakimbilia Diani, Malindi au Maasai Mara. Gusii, wanasema, ni ndizi, majani chai na watu wengi. Mgeni aje kutazama nini? Imani hii ni potofu, na kinachouma zaidi ni kuwa sisi wenyewe wa Kisii na Nyamira tumeimeza.

Pita vibanda vya ufuoni Diani. Wale viboko na tembo wa mawe, zile bakuli na seti za sataranji, vimetoka Tabaka, Mugirango Kusini, huku Kisii. Jiwe hilo la sabuni huchimbwa kwa sululu mashimoni, likachongwa kwa panga na kisu, likasuguliwa kwa msasa na maji, kisha likapakwa nta hadi ling'are. Mgeni huondoka akidhani amenunua kazi ya Pwani. Mchuuzi huongeza bei, mchongaji hupokea masalio. Carrara, Italia, iko karibu na bahari, lakini watu hulipa kuingia machimbo yake ya marumaru, kuona mlima ambako Michelangelo alichagua mawe yake. Walichofanya wenyeji wa Carrara ni kuliheshimu jiwe lao pale linapotoka.

Na historia je? Mnamo Januari 1908 Mgusii Otenyo Nyamaterere, akichochewa na nabii Moraa, alimchoma mkuki Northcote, afisa Mwingereza aliyepona na baadaye kuwa gavana wa Hong Kong. Wakoloni walilipiza kisasi kwa kuchoma nyumba na kuteka mifugo. Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani wakapigana papo hapo Kisii. Na kwa mandhari, panda mwamba wa Manga, Nyamira, uutazame mji wa Kisii chini yako. Anga ikitakata utaliona Ziwa Victoria. Nchi yenye hayo haina cha kuonyesha?

Sikatai kuwa kuna kazi. Mashimo ya Tabaka ni hatari, kuta zake huporomoka, na vumbi la jiwe si zuri kwa mapafu. Usalama wa wachimbaji utangulie, mgeni afuate. Kaunti za Kisii na Nyamira ziache kuvutana, zitengeneze njia moja ya mgeni kutoka Manga hadi Tabaka, na ada ya kuingia machimboni iende kwa chama cha wachongaji.

Nawe msomaji, ukisafiri kwenda Kisumu kupitia Kisii, kata kona kuelekea Tabaka, ununue moja kwa moja kwa aliyechonga.