Mmechukua Mabomba, Mmeacha Daftari

Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa mamlaka ya maji iliyokabidhiwa mradi wa kata yetu, Nyanda za Juu Kusini

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: ANKARA YA SHILINGI 1,476,800 NA MICHE 2,400 YA PARACHICHI ILIYOKAUKA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Jina la mamlaka unayoiongoza sitalitaja hapa, kwa sababu nataka barua hii isomwe na kila mkurugenzi aliyekabidhiwa miradi ya vijiji miaka hii. Wewe utajua ni wewe.

Ankara yenu ya kwanza ilinifikia mwezi Agosti, wiki chache baada ya makabidhiano. Imechapwa vizuri, ina nembo, ina namba ya malipo. Kwenye usomaji uliopita imeandikwa 0. Kwenye usomaji wa sasa imeandikwa 1136. Matumizi ni uniti 1136, kila uniti shilingi 1,300, jumla shilingi 1,476,800. Aliyezidisha hakukosea. Kosa liko kwenye ile sifuri.

Dira hiyo haikufungwa na mamlaka yako. Ilifungwa na jumuiya yetu ya watumiaji maji miaka mingi kabla hamjafika, na karibu uniti zote zilizomo nilishazilipia, mwezi kwa mwezi, kwa mhazini wa jumuiya. Stakabadhi ninazo. Uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo mnadai kwamba katika kipindi kimoja cha ankara mimi, mama mwenye kitalu na nyumba ya vyumba vitatu, nimechota ndoo 56,800 za lita 20 kupitia bomba la nusu inchi. Msoma dira alisimama mbele ya bomba hilo. Karani aliingiza namba hiyo. Mhasibu aliipitisha. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka.

Nilikuja ofisini kwenu na stakabadhi zangu. Nilisikilizwa kwa adabu, hilo siwezi kulikana, kisha nikaambiwa mfumo ndivyo unavyosoma, nilipe kwanza, malalamiko yatashughulikiwa baadaye. Nikasema niko tayari kulipa ninachodaiwa kweli. Siku ya makabidhiano dira yangu ilikuwa inasoma 1071. Tofauti hadi 1136 ni uniti 65, sawa na shilingi 84,500, na fedha hizo nilikuwa nazo mkononi. Zilikataliwa. Lipa zote au usubiri kukatiwa. Nilirudi tena na tena, jibu likawa lilelile, na barua yangu ya malalamiko haijajibiwa kwa maandishi hadi leo ninapoandika hii.

Mwanzoni mwa Septemba walikuja vijana wawili na pikipiki na spana. Mmoja alizisoma stakabadhi zangu hadi ya mwisho, akazirudisha kwa mikono miwili, akasema, "Mama, sisi tumetumwa tu." Wakafunga valvu, wakang'oa dira, wakaondoka nayo.

Sasa naomba usome kwa makini, Ndugu Mkurugenzi, maana nadhani hapa ndipo ofisi yako haijaelewa ilifanya nini.

Mche wa parachichi wa kuuza haupandwi mbegu ukasubiriwa. Tunaotesha mbegu za parachichi la kienyeji kwenye viriba, tunazitunza kwa miezi hadi shina lifikie unene wa penseli, ndipo tunalibebesha kikonyo cha Hass kilichokatwa kwenye mti mzazi. Tunafunga kwa utepe wa nailoni, tunaweka kivulini, tunangoja fundo lishike. Katika wiki hizo mche hauvumilii kiu. Na Septemba kwetu ni mwezi wa upepo mkavu na jua kali, mvua bado iko mbali. Kitalu changu kilikuwa na miche 2,400 iliyobebeshwa, na ilikuwa inakunywa karibu uniti nzima kwa siku. Hiyo ni madumu 50 ya lita 20, kila siku ya Mungu, kutoka mtoni, kupandisha mlima. Tulibeba, mimi na wanangu na majirani. Bodaboda walitubebea mpaka fedha ikaisha. Haikutosha.

Kikonyo kinachokufa huanza kuwa cheusi nchani. Weusi unashuka taratibu mpaka kwenye fundo, utepe unalegea, ukikigusa kinadondoka. Nilipita mstari kwa mstari nikivigusa. Miche 2,400. Baadhi ya mashina yalichipua upya chini ya fundo, na mtu asiyejua angedhani yamepona, lakini hilo ni chipukizi la parachichi la kienyeji. Wanunuzi wanaopeleka nje wanataka Hass.

Wakulima walikuwa wameshaweka arbuni kwa ajili ya kupanda na mvua za kwanza. Mjane mmoja wa kitongoji cha juu alilipia miche 30 kwa fedha ya mahindi, mashimo ameshachimba, samadi ameshatia. Mvua zikipita bila mche ardhini, anangoja mwaka mzima, na mti uliobebeshwa unahitaji kama miaka mitatu ndipo uzae. Hivyo sifuri iliyoandikwa na karani wako imemsogezea mjane huyo mavuno yake ya kwanza mwaka mzima mbele. Arbuni nimewarudishia wote. Nimeuza ng'ombe. Vikonyo vya kuanza upya sijapata fedha ya kuvinunua.

Hakuna aliyeiba hapa. Hakuna bomba lililopasuka, hakuna chanzo kilichokauka. Maji yalikuwepo muda wote, yakipita chini ya ardhi mita chache kutoka kwenye kitalu, nami nikisikia tangi likijaa usiku. Miche 2,400 imekufa kwa sababu ofisi iliyopokea mradi haikutaka kupokea daftari.

Daftari hilo nalieleza, kwa kuwa naamini hujawahi kuliona. Ni kaunta buku nene lenye jalada gumu. Mhazini wetu alipiga mistari kwa rula: jina la mteja, usomaji wa mwezi uliopita, usomaji wa mwezi huu, uniti, kiasi, namba ya stakabadhi, sahihi ya mteja. Kila nyumba, kila kioski, shule, zahanati. Siku ya makabidhiano alilileta likiwa limefungwa kwenye kanga lisilowe. Maofisa wako walikuwa na hati yao ya makabidhiano, nami nimeisikia, maana ilisomwa mbele ya mkutano wa hadhara. Imeorodhesha chanzo, tangi, kilomita za bomba, valvu, vituo vya kuchotea maji, hata kufuli la mlango wa tangi. Mhazini alipoliweka daftari mezani aliambiwa, "Hilo kaeni nalo, sisi tunatumia mfumo." Akalifunga tena kwenye kanga akarudi nalo nyumbani.

Kwenye daftari hilo, mstari wa jina langu, usomaji wa Juni ni 1071. Kuunakili usomaji huo kungemchukua karani wako sekunde chache.

Watu wa kata hii hawakuletewa mradi kama msaada. Wazee wetu wanakumbuka mpango ulioanza mwaka 1971, wa kufikisha maji safi karibu na kila kaya ya kijijini ifikapo 1991, bila malipo. Mwaka 1991 ulipofika, miradi mingi ilikuwa imekufa, na sera mpya ikataka wananchi wachangie. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikaenda mbali zaidi: wananchi wa vijijini wamiliki miradi yao, waiendeshe, walipie matengenezo. Tukaambiwa maji yawe ndani ya mita 400, kituo kimoja kwa watu 250, lita 25 kwa mtu kwa siku. Tuliitikia. Mtaro wa mradi wetu wa mserereko tuliuchimba kwa majembe na sururu, kitongoji kwa kitongoji, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Mabomba yalipandishwa kwa mabega mahali ambapo gari halifiki. Tuliunda jumuiya, tukafungua akaunti, tukachagua mhazini anayejua kutunza hesabu. Hilo daftari ndiyo kazi ambayo serikali ilituomba tuifanye, na tuliifanya.

Kisha ikaja Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Namba 5 ya mwaka 2019, RUWASA, wakala wa maji vijijini, ikaundwa, na miradi ikaanza kupangwa upya. Sipingi mradi wetu kuwa chini yenu. Jumuiya ndogo haiwezi kulijenga upya tangi lililopasuka wala kuajiri mtaalamu wa ubora wa maji. Mwenyewe nilinyoosha mkono kukubali siku ile. Nilikubali kwa sababu tuliahidiwa huduma bora zaidi, na sikusikia mtu yeyote akisema kwamba miaka yetu yote ya kulipa itahesabiwa kuwa haikuwahi kuwepo.

Na si mimi peke yangu. Nenda vitongojini uulize. Sifuri ile iko kwenye ankara za nyumba nyingi, tofauti ni kiasi tu. Wenye uwezo wamekopa wakalipa deni wasilodaiwa. Wasio na uwezo wamerudi mtoni. Zahanati imekuwa ikiwaomba wajawazito waje na dumu la maji. Fundi wetu, aliyejua kila valvu ilipofukiwa, aliondolewa bila barua, na bomba linalovuja karibu na shule ya msingi limeachwa livuje kwa sababu aliyepo hajui pa kulifungia.

Nchi hii ina uzoefu wa huduma ya maji kuhama mkono. Dar es Salaam mwaka 2003 ilikabidhiwa kampuni ya City Water, iliyoanzishwa na Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani pamoja na mbia wa Kitanzania, kwa mkataba wa miaka 10. Mei 2005 serikali iliuvunja. Ikaingia DAWASCO, na mwaka 2018 DAWASCO ikaunganishwa na DAWASA. Wanasheria walibishana kuhusu mkataba ule, na majarida yakaandika sana kuhusu wawekezaji na wafadhili. Mteja wa kawaida aliamka tu akakuta jina jipya juu ya ankara yake. Miaka yote hiyo ingetosha kutufundisha kwamba siku ya makabidhiano kitu cha kwanza kulindwa ni kumbukumbu ya mteja, kwa sababu bomba likiharibika linachimbuliwa na kutengenezwa, lakini mteja akipotezewa ushahidi wa alicholipa, anabaki hana pa kusimamia mbele ya ofisi yenye nguvu kuliko yeye.

Waziri wa Maji, Jumaa Aweso, amekemea hadharani zaidi ya mara moja ubambikiaji wa ankara. Mamlaka zinapotaka kupandisha bei, EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, huitisha mkutano wa taftishi, wananchi wakaja kutoa maoni. Nauliza: taftishi ya makabidhiano iko wapi? Kwa nini bei ya uniti ijadiliwe mbele ya umma, lakini usomaji wa kuanzia wa kila dira katika kata nzima uamuliwe na karani mmoja mbele ya kompyuta? Kama kuna viongozi wanaoona mradi wa kijiji kuwa ni urefu wa bomba na idadi ya wateja wapya wa kuonyesha kwenye taarifa ya mwaka, basi tatizo ni kubwa kuliko ofisi yako, na vijiji vingi vinavyosubiri kukabidhiwa vina haki ya kuogopa.

Ninachokitaka kwako ni hiki. Tuma ofisa mwenye mamlaka ya kufuta deni, asiwe wa kupokea malalamiko tu, aje akae na mhazini wetu, wafungue daftari ukurasa kwa ukurasa, na kila mteja apewe usomaji wake halisi wa siku ya makabidhiano. Waliokwishalipa deni la sifuri warudishiwe fedha zao, wasiambiwe zitakatwa kwenye ankara zijazo. Hadi kazi hiyo iishe, asikatiwe mtu maji kwa ankara inayobishaniwa, na waliokatiwa warudishiwe bila ada ya kuunganishwa. Fundi wetu arudishwe kazini. Dira yangu nirudishiwe ikiwa inasoma namba ileile, ili asije mtu akasema ushahidi umepotea.

Kuhusu miche 2,400, nataka fidia, na nataka izungumzwe kwa jina hilo. Ofisi yako ilinitumia ujumbe wa simu ukisema "tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza". Hasara yangu ina hesabu: viriba, mbegu, vikonyo, vibarua wa kubebesha, arbuni nilizorudisha, msimu uliopita bila mauzo. Nimeziandika zote na mtendaji wa kijiji ameshuhudia hali ya kitalu kabla sijaondoa miche mikavu. Viriba sijavitupa. Vimepangwa palepale, ofisa wako akija atavihesabu mwenyewe.

Nikikosa jibu la maandishi kutoka kwako, shauri hili nitalipeleka EWURA, nami nitalifuatilia hadi mwisho kwa gharama yoyote niliyobakiwa nayo. Shilingi 84,500 za uniti 65 ziko tayari. Nipe namba ya malipo yenye kiasi hicho, nitalipa siku hiyohiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mteja wako, mwenye kitalu cha miche

Nakala:
Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji
Diwani wa Kata
Mtendaji wa Kijiji
Mhazini wa iliyokuwa jumuiya ya watumiaji maji