Acheni madogo waanguke, ila goli lisiwaangukie

TANGU CAF izipe Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa AFCON 2027, stori za viwanja zimekuwa ni nyasi, taa na majukwaa. Sawa, mashindano yana masharti yake. Lakini kuna viwanja ambavyo mkaguzi wa CAF hatavikanyaga hata siku moja, na huko ndiko watoto wetu wanakoshinda: viwanja vya shule za msingi, vya mchangani na vya akademi za kitaani.

Kuhusu viwanja hivyo kuna kambi mbili. Ya kwanza inasema, “Sisi tulicheza chandimu peku juu ya mawe, mbona tuko hai?” Ya pili ni ya wazazi na walimu ambao dogo akichubuka goti tu, mpira unakusanywa na geti linafungwa. Kwetu sisi, kambi zote mbili zimepaisha.

Tuanze na hawa wa kufunga geti. Uwanja wenye mchanga mzito, mpira unaodunda hovyo na kaka wakubwa wanaokuzidi nguvu ni shule. Mtoto anaviona vyote hivyo na anajipima: niingie au nisubiri? Hapo ndipo anapojifunza kuanguka bila kuumia sana, kukinga mpira na kuamua haraka. Mbwana Samatta aliyekulia Mbagala alifunga kwa kichwa pale Wembley Machi 2020, Aston Villa ikicheza fainali ya Kombe la Ligi na Manchester City. Mtu haokoti ujasiri wa kujirusha namna ile ukubwani. Goti litapona, mwacheni acheze.

Sasa tugeukie kambi ya “mbona tuko hai”. Kuna hatari ambayo mtoto hawezi kujipima nayo kwa sababu haioni. Chupa iliyovunjika chini ya mchanga. Shimo lililofunikwa na majani. Na kubwa kuliko zote, goli la chuma lililosimamishwa tu bila kufungwa popote.

Goli la namna hiyo uzito wake mwingi uko mbele, kwenye nguzo na mtambaa panya. Nyuma ni jepesi. Dogo akirukia mtambaa panya na kuning'inia, lote linakuja mbele na yeye yuko chini yake. Marekani, taasisi ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa ilihesabu vifo visivyopungua 21 vya magoli kuanguka kati ya 1979 na 1994. Mengi ya magoli hayo yalikuwa yametengenezwa na mafundi wa kuchomelea wa mtaani na watu wa shuleni, na ajali nyingi zilitokea watoto wakipanda au kuning'inia.

Jamani, si ndo magoli yetu hayo? Fundi anapewa mabomba, anachomelea, yanapakwa rangi nyeupe, mgeni rasmi anakata utepe. Nani aliuliza yamefungwa na nini?

Na tusidanganyane kwamba dawa ni kuwakataza watoto kuning'inia. Mtoto akiona bomba juu yake atalirukia tu, leo au kesho. Anayetakiwa kubadilika ni goli.

Bahati nzuri gharama yake haihitaji mfadhili. Kama goli ni la kudumu, nguzo zizikwe na kumwagiwa zege. Kama ni la kuhamishika, lipigiliwe mambo ardhini au bomba la nyuma lilaliwe na mifuko ya mchanga. Mazoezi yakiisha, lilazwe chini au lifungwe kwa mnyororo na kufuli. Kulihamisha ni kazi ya watu wazima.

Vyama vya soka vya wilaya navyo visikwepe. Kabla ya kuruhusu ligi yoyote ya watoto, kiongozi aende uwanjani, ashike nguzo na kuitikisa. Ikicheza, mechi isichezwe. Walimu wakuu wafanye hivyo hivyo kila muhula unapofunguliwa.

Akishajiridhisha, afungue geti na kuwaachia mpira wao. Mchanga, mabonde na kaka wakubwa wataendelea kuwafundisha.