Hadithi ya Sungura: Sahihi au Dhaifu?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.



Siku moja, tumeshamaliza darsa na tunasubiri adhana ya Magharibi, niliwaambia watoto wa darasa la tatu: "Leo nitakusimulieni hadithi ya Sungura na Simba." Mmoja wao akanyoosha kidole, hana mzaha hata kidogo, akauliza: "Maalim, hadithi hiyo ni sahihi au dhaifu?"

Wakubwa waliokaa nyuma walicheka. Na mimi nilicheka, lakini usiku ule swali halikuniondoka. Mtoto hakukosea. Amefundishwa hapa hapa madrasa kwamba hadithi ni maneno ya Mtume (S.A.W.), vitendo vyake na aliyoyakubali. Niliyekosea ni mimi, niliyempa neno moja kwa mambo mawili bila ya kumtenganishia.

Tangu hapo nimekuwa na rai ambayo naomba niitoe mbele yenu. Naona madrasa yetu iwe na mafunzo mafupi ya ngano, yaani zile hadithi za kubuni za bibi na babu. Vikao sita vinatosha, nusu saa kila Jumatano baada ya darsa, na vipangwe kwa makusudi kama tunavyopanga fiqhi na tajwidi.

Najua wapo wasioliafiki jambo hili. Mzazi mmoja aliniambia: "Maalim, mtoto nimemleta asome dini, uongo ataukuta njiani." Maneno yake yana uzito. Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) onyo kali kwa anayesema uongo ili awachekeshe watu, na onyo kubwa zaidi kwa anayemzulia yeye mwenyewe. Hatuna ruhusa ya kuyafanyia mchezo.

Lakini tuangalie wazee wetu walivyofanya. Bibi hakuanza ngano bila ya kubisha hodi. Alisema "Paukwa", watoto wakaitikia "Pakawa". Wengine waliita hadithi ije, na uongo uje, na utamu ukolee. Uongo unatajwa kwa jina lake mlangoni, na kila aliyekaa mkekani anajua kwamba yatakayofuata ni mithali. Hapo nani kadanganywa? Anayedanganya ni yule asiyesema paukwa. Leo mtoto anapokea kwenye simu ya mama yake ujumbe usemao "Mtume kasema hivi, watumie watu kumi", na hakuna hata mmoja nyumbani anayeuliza umetoka wapi. Kwa hiyo sisemi tufundishe ngano ili watoto wafurahi tu. Nasema tuwafundishe wajue kutenganisha.

Mpango wenyewe nauona hivi.

Kikao cha kwanza, mwalimu achore safu tatu ubaoni: Hadithi za Mtume, Visa vya Qur'ani, na Ngano. Katika Suratun Naml chungu anasema, na hudihudi anasema mbele ya Nabii Suleiman (A.S.). Katika ngano sungura naye anasema. Mtoto aulizwe: kwa nini yale tunayaamini na haya hatuyaamini? Ajibu kwa mdomo wake kwamba yale yametujia kwa wahyi, na haya yametungwa na watu. Suratu Yusuf yenyewe inaanza kwa kutaja visa vilivyo bora, na inamaliza kwa kukanusha kwamba ni maneno ya kuzuliwa.

Kikao cha pili kiwe cha Kima na Papa. Papa anamchukua kima mgongoni hadi kati ya bahari, kisha anamwambia kwamba sultani wao mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu kwamba moyo ameuacha mtini. Ngano hii ilisimuliwa hapa Unguja, na Edward Steere, padri Mwingereza aliyefika hapa mwaka 1864, akaiandika kwa Kiswahili na kuichapisha London mwaka 1870 pamoja na nyingine nyingi. Ndiye aliyekuja kusimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini, karibu tu na hapa Darajani. Lakini ngano ni kongwe kuliko yeye. Imo katika Kalila wa Dimna, kitabu chenye asili ya India ambacho Ibn al-Muqaffa' alikitia katika Kiarabu kutoka Kifursi cha zamani katika karne ya 8. Kule aliyembeba nyani ni kobe, huku kwetu amekuwa papa. Watoto waandike mnyororo huo: India, Ufursi, Kiarabu, Unguja. Kisha waulizwe: nani aliyeileta kwetu? Jina lake hatuna, mnyororo umekatika. Hapo watakuwa wameonja maana ya isnadi.

Kikao cha tatu kiwe cha Abunuwasi. Anaazima sufuria kwa jirani, anairejesha pamoja na ndogo, anasema imezaa. Jirani anapokea, anafurahi. Mara ya pili anaambiwa sufuria imekufa, ndipo anapopiga kelele. Mwenye kuukubali uongo kwa sababu una faida atashindwa kuukataa siku utakapomtia hasara. Na watoto wajue kwamba Abu Nuwas alikuwa mshairi wa kweli katika zama za Harun Rashid, ila watu wamemtundikia vichekesho visivyo vyake. Ikiwa mshairi kazuliwa hivyo, ndiyo maana maimamu wetu walisafiri miji na miji kuichuja hadithi moja.

Kikao cha nne kiwe cha Goso, mwalimu aliyesomesha chini ya mbuyu. Paa alipanda kuiba mabuyu, moja likaanguka likamuua mwalimu. Wanafunzi wakaushika upepo wa kusi, kisha kiambaza, panya, paka na wengineo, kila mmoja akimtaja aliyemzidi nguvu, mpaka wakafika kwa paa. Yeye alinyamaza, wakamuua. Sisi tunajua kwamba paa ndiye, lakini wao walikuwa na shahidi gani? Darasa lijadili, kisha isomwe aya ya Suratul Hujurat inayotuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu.

Kikao cha tano kila mtoto alete ngano ya nyumbani, na juu yake aandike: nimesimuliwa na bibi, naye kasimuliwa na mama yake, mahali fulani. Cha sita wasimulie, kila mmoja aanze kwa paukwa.

Mipaka nayo iwepo. Ngano isimguse Mtume yeyote, Sahaba wala malaika. Isiwe ya kuwatisha watoto kwa majini, wala isimsifu mwenye kudhulumu. Na kabla ya kuanza, mpango huu wapelekewe masheikh wetu wautazame.

Wazazi wetu, tunakuombeni jambo moja. Mtoto atakapokuja kumwomba bibi yake ngano, simu iwekwe pembeni kwa muda. Bibi akiondoka, anaondoka na isnadi yake, na hatutapata wa kumuuliza.

Na wewe mwanangu uliyeuliza lile swali, jibu lako ni hili: hadithi ya Sungura si sahihi wala si dhaifu, kwa sababu si Hadithi. Ni ngano. Na ahsante kwa kuuliza. Endelea kuuliza hivyo hivyo kwa kila unachosikia.

Wabillahi tawfiq.