Mastaa, Hiyo Chupa Siyo ya Kufungulia Angani

Kuna mastaa wakipanda ndege kwenda kupiga shoo majuu, lazima wajirekodi wakijimiminia pombe yao kwenye siti. Mashabiki nao: "Bata mpaka angani!" Bata gani hilo?

Kwenye ndege za mashirika ya Marekani, sheria inakataza abiria kunywa pombe ambayo hakupewa na mhudumu, na mashirika mengi makubwa duniani yana katazo hilohilo. Chupa ya maduka ya uwanjani kuibeba ruksa, ikiwa bado imefungwa. Kuifungua ndiyo kesi. Mhudumu naye haruhusiwi kumwongezea aliyelewa. Sasa chupa ya mkobani nani ataipima?

Promota kashalipa, ukumbi umejaa, msanii anapokewa na polisi. Ushahidi? Klipu aliyoposti mwenyewe! Chupa isubiri hotelini. Wadau mnasemaje?