Zamani ya nani?

Kuna sentensi moja ambayo kila kijana wa Lubumbashi ameisikia, matangani, ndani ya basi, hata mezani wakati wa bukari: "Zamani tulikuwa tunalala mulango wazi." Naiandika kama inavyosemwa, kwa Kiswahili chetu cha hapa, kwa sababu nataka kuishika jinsi tunavyofundishwa kushika sentensi yoyote katika kitivo hiki: nani anasema, anasema juu ya nani, na kitenzi kinabeba wakati gani.

Tuanze na wakati. "Tulikuwa tunalala" ni mazoea ya wakati uliopita. Hayana mwanzo wala mwisho. Ndiyo maana nimekuwa na tabia ya kuuliza mara moja, bila adabu kubwa labda: "Mwaka gani?" Majibu yanachekesha. Wazee wa miaka themanini wananirudisha kwa Mbelgiji, kabla ya 1960. Wale wa sitini wanasema hapana, ni wakati wa Mobutu, miaka ya 1970, kabla pesa haijaharibika. Kaka yangu, mwenye miaka 28, naye ana zamani yake: 2009 na 2010, Mazembe ilipochukua kombe la Afrika mara mbili mfululizo, na mtu aliweza kurudi nyumbani saa nne za usiku akiimba. Fanyeni hesabu. Kila mmoja anaweka usalama pale alipokuwa na miaka kumi hivi. Mtoto wa miaka kumi hafungi mlango. Kuna mtu mwingine anayeufunga baada ya yeye kulala.

Sasa kiambishi. Huyo "tu-" ni nani? Katika Élisabethville ya Wabelgiji mji ulikuwa miji miwili, na katikati ukanda mtupu uliowatenga Wazungu na Waafrika. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kukaa upande wa Wazungu bila karatasi. Mtu asiye na kazi wala kibali aliweza kurudishwa kijijini. Mji wa namna hiyo una utulivu, sikatai, kama ua la gereza linavyokuwa na utulivu saa ya usiku. Tena hata huko kwenye mji wa Wazungu kulikuwa na zamu mlangoni. Neno "zamu" kwa maana ya mlinzi wa usiku linatumika katika Kiswahili cha Kongo tangu zamani hiyo hiyo, na hakuna anayemlipa mtu akeshe mbele ya mlango usiohitaji kulindwa.

Na "tu-" ina ubaya mwingine: inawahesabu waliobaki tu. Wafanyakazi wa Union Minière waliogoma Desemba 1941 kwa kudai mshahara, wakapigwa risasi na askari kwenye uwanja wa mpira wa mji huu tarehe 9, pamoja na kiongozi wao Léonard Mpoyi, hawakuzeeka. Hawana wajukuu wa kuwaambia kwamba zamani kulikuwa salama.

Ushahidi ninaoupenda zaidi, lakini, hauko katika tarehe. Uko katika midomo ya wazee wenyewe. Waulizeni juu ya batumbula. Wengi watacheka kwanza, kisha watashusha sauti. Katika miaka ya 1940 na baadaye, watu wa mitaa ya Waafrika waliamini kwamba usiku kuna watu waliotumwa na Wazungu kukamata wapita njia, kuwafungia, kuwanenepesha kama nguruwe, na kuwala. Sikio la Mswahili linasikia ndani ya neno hilo kitenzi "tumbua", kupasua tumbo. Wanahistoria wameliandika jambo hili kwa kirefu, na wengi wao wanalisoma kama namna ya watu kusema jinsi kazi ya Mzungu ilivyowala. Mimi nabaki na jambo dogo zaidi: watu waliogopa usiku. Waliogopa kiasi cha kutunga jina la woga huo, na jina likapita kwa watoto wao na kwa watoto wa watoto wao hadi likanifikia mimi. Mzee mmoja wa Kamalondo alikuwa amemaliza kuniambia habari ya milango wazi. Nikamuuliza mama yake alimwita ndani saa ngapi. Akajibu bila kufikiri: "Saa kumi na mbili. Batumbula balikuwa banapita."

Alisema yote mawili kwa dakika tano, na hakuona kwamba yanapigana.

Lugha haisahau upesi kama watu. Tuna hata kitabu: "Vocabulaire de ville de Élisabethville", kilichoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha waliokuwa maboyi wa Wazungu, kwa Kiswahili cha mji huu, chenye tahajia inayowatesa walimu wetu. Ni historia ya kazi na taabu za maboyi, imeandikwa miaka mitano tu baada ya uhuru. Usitafute humo zamani yenye amani. Na katika miaka ya 1970, saluni za wafanyakazi wa mji huu zilikuwa na picha za kuchorwa za namna inayoitwa "Colonie belge": mfungwa amelazwa chini, polisi mweusi anampiga kiboko, Mzungu amesimama anatazama. Tshibumba Kanda Matulu alizichora, na wengine pia. Watu walizinunua kwa pesa yao na kuzitundika mahali ambapo wageni wanakaa. Kwa hiyo mwaka 1974, mtu aliyeishi wakati wa Mbelgiji aliukumbuka kama wakati wa kiboko. Wakati uleule umekuwa wakati wa milango wazi kwa nini? Kilichobadilika si zamani. Ni hali ya yule anayekumbuka.

Hapo ndipo naanza kuwaelewa wazee, na sitaki kuwacheka zaidi ya hapo. Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980. Kufikia 1993 na 1994 ilikuwa imeanguka hadi makumi machache ya maelfu. Kwa mfanyakazi wa kambi, nambari hizo ni posho ya unga, shule ya watoto, hospitali ya kampuni, mshahara tarehe inayojulikana. Vyote vikaondoka ndani ya miaka michache, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoshwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, hiari ambayo wengi wao bado wanaicheka kwa uchungu. Mzee anaposema "usalama", mara nyingi hasemi juu ya wezi kabisa. Anasema kwamba alijua kesho atakula nini. Kiswahili kinamruhusu: salama ni uzima pia, ni kufika bila kupungukiwa. Sisi vijana tunalisikia neno na kufikiri polisi, silaha, mlango. Tunabishana na sentensi ambayo hakuisema.

Nasema pia kwamba hoja yangu ina mpaka. Mtu wa Goma au wa Bunia akiniambia kwamba mwaka 1985 mama yake alikwenda sokoni na kurudi bila kuogopa bunduki, sina neno la kumjibu. Anasema kweli. Huko kuna tarehe, kuna vita vyenye majina, na tangu Januari 2025 Goma iko mikononi mwa M23. Hiyo haina haja ya kuitwa hamu ya zamani. Ni hesabu tu. Mimi nasema juu ya mji huu, ambako watu wanaazima lugha hiyo ya huzuni ili kudai kitu kingine.

Kitu gani? Mkono wa chuma. Machi 2024 serikali yetu iliondoa kizuizi cha kutekeleza hukumu ya kifo kilichokuwapo tangu 2003, na miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni uhaini na ujambazi wa mijini unaoleta vifo. Siku zile niliwasikia wenzetu, watu wanaosoma fonolojia na fasihi, wakishangilia uani kwa maneno ya babu zao: wakati wa Mobutu mwizi alijua, wakati wa Mobutu kulikuwa na adabu. Ilinishangaza kwa sababu mbili. Ya kwanza, hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa Mobutu akitawala. Ya pili inahusu kampasi yenyewe. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, watu wenye silaha waliingia katika nyumba za wanafunzi hapa Lubumbashi na kuua. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo, na kwa sababu ya usiku ule Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaire. Wale walikuwa wamelala. Milango yao, wazi au imefungwa, haikusaidia kitu.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 4 Juni 1969 askari waliwapiga risasi wanafunzi waliokuwa wakiandamana Kinshasa. Mwaka 1971 wanafunzi wa Lovanium walivalishwa sare za jeshi kwa nguvu. Na kabla ya wanafunzi walikuwa wanasiasa: Juni 1966 watu wanne walinyongwa hadharani Kinshasa, mmoja wao Évariste Kimba, mtu wa Katanga aliyepata kuwa waziri mkuu. Tukiuliza mkono ule wa chuma ulimkamata nani kwanza, katika orodha hii simwoni mwizi wa simu.

Najua jibu linalokuja: lakini wezi walikuwa wachache. Labda hapa kwetu, sijui mtu aliyewahesabu. Ila Léopoldville ya miaka ya 1950, chini ya Mbelgiji mwenyewe, ilikuwa na vikundi vya vijana walioitwa Bills, jina walilolichukua kutoka sinema za Buffalo Bill. Waligawana mitaa, walipigana, waliwatendea wasichana maovu ambayo leo yangeandikwa kwenye kila gazeti. Sisi wanaisimu tunawakumbuka kwa uzuri kwa sababu walituachia Hindubill, ile lugha ya mtaani yenye Lingala na Kifaransa na vipande vya Kiingereza, na kuna kazi nzuri juu yake. Wasichana wa wakati ule wangekuwa na sababu nyingine ya kuwakumbuka. Na vijana hao, wale walioishi, ndio babu wa watu wanaolalamika leo juu ya kuluna.

Kuna pia hatari ambazo sentensi ya mlango haizihesabu kabisa, kwa kuwa haziji usiku na panga. Mwaka 1990, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa nchini, zaidi ya 170 walikufa kabla ya kufikisha miaka mitano. Leo ni chini ya 100, bado wengi mno. Nkambo wangu wa Katuba alizaa tisa, akazika watatu. Anapoisifu zamani, hao watatu hawamo katika sifa, wala si kwamba amewasahau. Anawataja siku nyingine, kwa sauti nyingine.

Kwa wenzangu wanaokwenda kurekodi wazee kwa ajili ya memwari mwaka huu, nina ombi moja la kazi. Mkishapata ile sentensi, na mtaipata, msizime mashine. Ulizeni mwaka, jina la mtaa, nani alikuwa analala ndani ya nyumba ile na nani alikuwa analala nje. Ulizeni mama aliwaita watoto saa ngapi, na alitumia neno gani kuwatisha. Kisha andikeni majibu kama yalivyosemwa, bila kusanifisha, pamoja na kimya kinachokuja kabla ya jibu.